Maji Kumi na Mawili ya Picha ya Athumani

Jumatano, mfungo wa kumi na tisa.

Ukungu ulikaa mlimani mpaka saa nne, kisha ukashuka upepo wa baridi. Sasa ni alasiri. Maharage yako jikoni, jua bado lipo, futari iko mbali kidogo. Nimekaa mlangoni kwenye kigoda, daftari mapajani, na moyo hautulii.

Daftari hili aliniachia mwanangu Athumani, lilikuwa lake la shule ya serikali na kurasa zilibaki. Alisema, mama, andika jambo moja kila siku, mkono usisahau. Lakini mimi alinifundisha kuandika barua tu, basi, kingine sijui. Siwezi kuanza ukurasa bila salamu. Kwa hiyo kila siku namwandikia yeye, ingawa daftari haliendi popote, linalala chini ya mto wangu.

Kwako mwanangu Athumani, popote walipokupeleka na ukarani wako huko ng'ambo ya Tabora na reli yao. Salaam nyingi, na baada ya salaam, sisi hapa Bigwa hatujambo. Bibi yako anakusalimu, magoti yanamsumbua asubuhi, jua likipanda anatembea. Mjomba wako Mlunga anakusalimu, alishuka juzi kutoka mlimani na mkungu wa ndizi, na anaulizia koti lake. Dada yako Mwajuma anasema shikamoo kaka, amejifungua salama, mtoto wa kiume, kichwa kikubwa kama chako ulipozaliwa. Mtoto anakusalimu kwa kulia. Mume wa Mwajuma, Saidi, anakusalimu, naye bado hajaezeka jiko, anasema kesho. Yule kuku mweupe anataga. Baba yako, Mungu amrehemu, tulipalilia kaburi lake kabla ya Ramadhani kuandama. Na mimi mama yako sijambo, ila kukuwaza.

Tangu barua yako ya kabla ya masika sijapata nyingine. Masika yamekuja, yamekwisha, mahindi yamevunwa. Watu wanaorudi na gari la moshi wanasema kambini kwenu kuna homa. Wengine wanasema hakuna homa yoyote, ni kazi tu nyingi, makarani wanaandika majina ya vibarua mpaka vidole vinavimba. Mimi nachukua habari ya hawa wa pili. Nikilala inakuja ile ya kwanza.

Leo nimefanya jambo nililoliogopa wiki nzima. Nimeitia picha yako majini.

Kazi yangu unaijua, lakini naiandika hata hivyo, maana Mwajuma husoma humu akidhani sijui. Ni mwaka wa tatu nafanya kazi kwa Bi Sakina na mumewe, Wahindi wapiga picha pale mjini, kwenye chumba cha giza nyuma ya duka. Karatasi zao za Ulaya ziliota ukungu ndani ya masanduku, zote, Bwana, huyo mumewe, akasema basi tutapika wenyewe. Tukapika. Kuna gundi ya kwato inayokuja kwa vipande vyembamba kama kucha. Inalowekwa, inayeyushwa kwa moto wa mbali, inatiwa chumvi, kisha maji ya fedha yanadondoshwa tone kwa tone chini ya taa ya kioo chekundu, na mtu anakoroga bila kupumzika. Inakuwa nzito na nyeupe. Sisi tunaiita uji. Siku ya kwanza nilimuuliza Bwana, kwato za mnyama gani? Akaapa ni za ng'ombe. Akaapa tena mara ya pili kwa sababu nilikuwa bado namtazama.

Uji ule naupaka mimi kwenye karatasi nene, zile mafundi wa reli wanazochorea ramani. Brashi inakwenda, hairudi. Ukiirudisha inaacha mistari. Karatasi yenye sura yako niliipaka mwenyewe kabla sijajua itambeba nani, na pembeni ina mistari mitatu, maana siku hiyo mkono ulirudi.

Unakumbuka siku ile. Bwana alikupiga picha asubuhi kwa mwanga wa dirisha, umevaa kanzu na kofia nyeupe na lile koti jeusi la mjomba, mkono kwenye mgongo wa kiti kama mtu mwenye nyumba tatu. Gari la moshi lilikuwa linaondoka mchana. Picha ilipotoka kwenye dawa ya kuikamatisha, ile inayoshika sura isifutwe na mwanga, nilitakiwa kuiosha maji kumi na mawili, nikaosha manne, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama mlangoni unasema, mama, gari. Ulitaka kuiona kabla hujaondoka. Ukaiona mbichi, inadondoka maji. Ukacheka, ukasema mbona nimekuwa mzee.

Manne badala ya kumi na mawili. Hilo nimelibeba mwaka na nusu sijamwambia mtu.

Dawa ya kukamatisha isipooshwa ikaisha, inabaki ndani ya karatasi na kuila picha polepole. Picha yako imeanza kugeuka manjano tangu masika, kwanza pembe ya chini, kisha madoa kama ya mkojo wa panya yakapanda mpaka kwenye kiatu. Mwezi uliopita nilimwonyesha Bwana. Akaipeleka kwenye mwanga, akasema, Mama Athumani, hii haifiki masika mengine. Nikamuulizia kioo chake, kile kinachobeba sura ya kutolea picha nyingine. Akainamisha kichwa. Vioo ni vichache, vya zamani vinasuguliwa na kupakwa upya. Kioo chako sasa kina sura ya Mgiriki mmoja wa mashamba ya katani na mbwa wake.

Basi tiba yake ni kuikoza, kuirudishia sura kwa rangi nyingine. Picha inaoshwa tena mpaka dawa yote itoke. Kisha inatiwa kwenye maji ya kwanza, ya manjano. Maji hayo yanaifuta. Unaiona sura inaondoka mbele ya macho yako, inabaki alama hafifu, kama mtu aliyekaa kwenye mkeka akanyanyuka. Ukishaisuuza unaitia kwenye maji ya pili, yale yanayonuka mayai yaliyooza hata paka wa jirani wamehama, na hapo sura inarudi. Inarudi si nyeusi tena, inarudi rangi ya kahawa iliyokaangwa, na ikisharudi hivyo haifi, Bwana anasema itatuzika sote.

Nimekoza picha za watu sijui ngapi. Maaskari, mabibi harusi wa Kihindi, mtoto wa Bwana Shauri, mkubwa wa boma, juu ya punda. Wote niliwafuta nikawarudisha, tunapiga soga na Bi Sakina. Yako nilishindwa. Jumatano iliyopita niliifunga kwenye kitambaa nikaenda nayo kazini, nikarudi nayo. Alhamisi hivyohivyo. Jumamosi, Jumatatu, jana. Naipeleka mjini kwa miguu, inarudi Bigwa kwa miguu.

Nitaandika ukweli hapa, hata ukiwa wa aibu. Nilikuwa nimejitia akilini kwamba ikiwa picha haitarudi, na wewe hutarudi. Hakuna aliyeniambia. Mwalimu wa msikiti angenifokea. Lakini nilikuwa nalo tumboni, na mtu hawezi kulitapika jambo la namna hiyo kwa kuambiwa si kweli.

Leo nilipofika nikakuta masanduku yanapigwa misumari. Bi Sakina na mumewe wanahama. Ijumaa wanapanda gari la moshi kwenda Tabora, wanasema huko ndiko watu waliko sasa, reli imebeba biashara yote. Habari ya kuhama niliijua, ila si siku yake. Sikujua kwamba dawa zote zinamwagwa leo.

Bi Sakina alikuwa ameinama kwenye beseni, amejifunga shuka kiunoni. Hakugeuka. Akasema, "Mama Athumani, umekuja na mgeni wako tena leo?"

"Nimekuja naye."

"Wiki nzima unamtembeza mjini. Hata mimi mume wangu hanitembezi hivyo."

"Nitamtia baada ya Idi."

"Baada ya Idi utamtia kwenye nini? Kwenye mchuzi?" Ndipo akageuka. "Adhuhuri namwaga kila kitu. Maji haya ndiyo ya mwisho Morogoro nzima. Mtoe."

Nikamtoa. Mikono yangu ilikuwa baridi na si kwa sababu ya upepo.

Tuliiweka kwenye karai la kuoshea, maji ya mto, ya mlimani kabisa, yanauma vidole. Uji wetu wa kupika nyumbani haupendi kulowa sana, ukilowa mno unavimba na kuachia karatasi kama ngozi ya maziwa. Ndiyo sababu tunahesabu. Unaweka maji, unahesabu mpaka mia tatu, unamwaga, unaweka mengine, mara kumi na mbili. Lakini hesabu peke yake haitoshi. Ukimaliza unachukua pembe ya karatasi unaigusa kwa ncha ya ulimi. Kama dawa bado imo, utasikia utamu, utamu mbaya wa kichefuchefu, kama muwa uliolala juani. Kama haimo, ni ladha ya karatasi tu. Bwana alifundishwa hivyo na aliyemfundisha, naye akatufundisha sisi, na toka nianze hatujaharibu hata picha moja tuliyoionja.

Mwezi wa Ramadhani ndipo penye mashaka. Bwana anafunga, sisi tunafunga. Kwa hiyo mimi na Bi Sakina tulikuwa na njia yetu tangu mwaka wa kwanza, hatukumwambia mwanamume yeyote. Anayeonja ni yule aliye kwenye siku zake, ambaye hasali wala hafungi. Zikiisha zake zinakuja zangu, na picha za kukoza tunazipanga kufuata siku hizo. Bwana anashangaa mpaka leo kwa nini Ramadhani wiki moja kazi inakimbia na wiki nyingine imelala.

Leo nilipomwaga maji ya kumi na mawili nilimtazama Bi Sakina nikimngoja aseme mwenyewe.

Akasema, "Usinitazame. Nimeanza kufunga tena tangu jana. Wewe je?"

"Mimi nafunga."

"Mbona mwaka huu unafunga tu kila siku? Sijakuona hata siku moja ukinywa maji."

Nikamwambia kwa sauti ndogo, ingawa Bwana alikuwa uani anapigilia misumari, kwamba zangu zimekatika. Tangu mwezi wa Rajabu sijaziona.

Akacheka polepole, akanigonga bega. "Karibu uzeeni, shoga. Huku nako mtu analala vizuri, mama mkwe wangu anasema."

"Basi ndiyo hivyo. Ulimi hakuna."

"Onja uteme. Mpishi anaonja mchuzi wake kwa ncha ya ulimi anatema, mwalimu mwenyewe aliniruhusu."

"Mpishi anaonja chakula. Hii ni dawa ya kuulia picha. Na sisi hatuionji, tunainyonya."

"Unainyonya wewe. Mimi naigusa tu."

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu. Sikumwambia lililobaki. Sikumwambia kwamba tangu nilipovunja ungo sijawahi kufunga siku thelathini mfululizo, hakuna mwanamke anayeweza, kila mwaka kuna siku zinakatika katikati unazilipa baadaye peke yako wakati wenzako wanakula. Mwaka huu kwa mara ya kwanza naweza. Thelathini bila pengo. Na usiku wa kuandama mwezi nilimwekea Mungu nadhiri, nikasema hizi thelathini zote ni za Athumani, nikifika mwisho pasiwe na hata moja iliyokatika, nipate habari zake. Nimefika kumi na tisa. Ningewezaje kuiweka ile karatasi kinywani?

Kwa hiyo nilisema, "Imeoga vya kutosha. Tumehesabu."

Bi Sakina alitazama maji, akanitazama mimi. "Ni picha ya mwaka na nusu. Dawa imeshajificha ndani."

"Tumehesabu kumi na mawili."

"Haya. Ni mwanao."

Nikaitia.

Mlango tuliufungua kwa sababu ya ile harufu ya maji ya pili, na kukoza hakuhitaji giza. Kwa hiyo niliona kila kitu kwa mwanga wa mchana. Maji ya manjano yalikufunika, nikawa natikisa sinia taratibu kama ninavyotikisa za wengine. Ukaanza kuondoka. Kanzu kwanza, kisha kofia, hilo ni la kawaida, vyeupe hutangulia. Nikasema bismillahi. Kisha shavu la upande wa dirisha. Nikangoja ile alama hafifu ibaki, ile ya mtu aliyenyanyuka kwenye mkeka.

Haikubaki. Hapo shavuni palikuwa karatasi tupu.

Picha iliyooshwa vizuri inafutika na kusimama. Hii haikusimama. Ile dawa ya zamani niliyoiacha ndani siku uliposema mama gari ilikutana na maji ya manjano, na zikikutana hizo mbili zinaila fedha yenyewe, na ikishaliwa hakuna maji ya kuirudisha. Hilo nalijua. Naijua kazi yangu. Lakini mkono wangu uliendelea kutikisa sinia kama wa mtu mwingine.

"Toa," Bi Sakina akasema. Kisha kwa nguvu, "Mama Athumani, toa sasa."

Akaitoa yeye. Aliingiza mkono mpaka kwenye bangili, akaichota, akaikimbiza kwenye karai la maji safi. Maji yakamwagika miguuni mwetu. Nilikuwa nasema kitu lakini sijui nilikuwa nasema nini, yeye anasema nilikuwa nahesabu.

Ndipo akafanya jambo ambalo nitamkumbuka nalo mpaka naingia kaburini. Alikaa chini kwenye sakafu iliyolowa, akachukua pembe ya ile karatasi, akaiweka kinywani. Hakugusa kwa ncha ya ulimi. Aliinyonya, akameza mate, akafumba macho kidogo.

"Tamu bado," akasema.

Nikamwambia, Bi Sakina, funga yako.

"Imeshakwenda. Nitalipa siku moja, Tabora nako kuna siku nyingi. Leta maji."

Nikaleta maji. Akaonja, tamu. Nikamwaga, nikaleta mengine. Akaonja, tamu kidogo. Uji ulikuwa umeanza kuvimba pembeni, pale penye mistari ya brashi yangu, nikaogopa utaachia, naye akaubonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayefunga kidonda. Maji ya kumi na tisa akaonja, akatikisa kichwa, akaonja tena, akasema sasa ni karatasi.

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo, na funga yangu nzima tumboni.

Sijui kama Mungu anazihesabu namna tunavyozihesabu sisi. Nilitaka kumwachia yeye thelathini kamili, na kwa ajili ya hizo nikamtia mwanangu majini nikijua hatujaonja. Na mwanamke wa watu, ambaye wewe si damu yake, akaivunja yake bila hata kufikiri. Nimekaa nalo tangu mchana.

Maji ya pili tuliyatia pamoja, yeye pembe moja mimi pembe moja. Harufu ilipanda mpaka machozi yakatoka, na nikashukuru kwa harufu ile, maana kama ningeulizwa machozi ya nini, jibu lilikuwepo.

Koti la mjomba ndilo lililorudi kwanza. Lote, mpaka vifungo. Kisha mkono kwenye kiti, vidole vinne, kiti chenyewe, viatu. Kisha shingo. Kisha ukaja wewe, polepole, kahawia, upande wa kivuli. Sikio moja, shavu moja, jicho moja linanitazama sawasawa, na mdomo karibu wote, ule mdomo unaotaka kucheka ukijizuia. Upande wa dirisha haukuja. Tulingoja. Bi Sakina akatikisa sinia. Tukangoja tena. Hapo pana karatasi nyeupe, na kanzu yako nyeupe, na kofia yako nyeupe, vyote vimekuwa kitu kimoja na ukuta.

"Amerudi," Bi Sakina akasema.

"Amerudi nusu."

"Amerudi. Mwingine angesema amerudi."

Nikamwambia asante. Nikamsaidia kufunga masanduku mpaka saa nane. Nikamkunjia nguo zake zote moja moja.

Nyumbani nilimwonyesha bibi yako kwanza, kwa sababu haoni vizuri. Akaishika karibu na pua. Akasema, "Huyu Athumani. Hilo koti la Mlunga nalijua. Mwambie alilete, mjomba wake anapata baridi." Akanirudishia kana kwamba hapana lililopungua.

Mwajuma ndiye aliyeona. Alikuwa ananyonyesha, akaisogeza picha kwa mkono mmoja, akasema, "Mama, na ile nyusi yake iliyokatika? Imepotea upande huu?"

Nikamwambia nyusi iliyokatika ni ya kulia, pale alipoteleza kwenye mawe ya mtoni, na mimi ndiye niliyemshikilia kitambaa damu isimwingie jichoni.

"Ya kushoto, mama."

"Ya kulia. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Ulimzaa na nyusi mbili. Mimi ndiye niliyekuwa naye mtoni. Alianguka hivi." Akataka kunionyesha na mtoto akiwa kifuani, mtoto akalia.

Tukaichukua picha nje kwenye jua. Upande uliobaki ni ule wa kivuli, na nyusi imekoza imeshikana na kivuli cha kofia, huwezi kujua imekatika au haikukatika. Bibi yako akaulizwa, akasema kijana wake hana nyusi mbovu hata moja. Saidi akaulizwa, akasema yeye hatazami nyusi za wanaume.

Basi nikaingia ndani nikakaa kitandani, nikafumba macho nikutazame mwenyewe bila picha. Nikakuona. Unaingia mlangoni unainama, unavua kofia. Lakini kila nikiikazia macho ile nyusi inahama. Mara iko huku, mara iko kule. Mwaka na nusu nimekuwa nikiitazama picha kila asubuhi, na kumbe nilikuwa nimeiachia picha ikukumbuke kwa niaba yangu. Mama gani hajui nyusi ya mwanawe.

Hilo limeniuma kuliko picha.

Na limenifanyia jambo jingine pia, sijui nilielezeje. Ile hofu ya tumboni, ya kwamba karatasi isiporudi nawe hutarudi, imepungua. Nyusi yako haikuwa kwenye karatasi. Iko usoni mwako huko uliko, imekatika upande mmoja, na wewe kila ukinawa uso unaigusa bila kufikiri. Karatasi imekosea, mimi nimekosea, Mwajuma labda amekosea. Wewe huwezi kukosea.

Kwa hiyo nimeamua. Kurasa hizi sitaziacha chini ya mto. Kesho nitazichana, nizikunje, nimpe Bi Sakina. Anakwenda Tabora na anasema duka lao litakuwa karibu na steshini, naye atamuuliza kila kibarua na kila karani anayepita, unamjua Athumani wa Bigwa, mrefu, mwandishi, anayecheka akijizuia. Leo tukifunga masanduku alisema hatachoka kuuliza. Namwamini, nimeona leo namna asivyochoka.

Ikikufika barua hii, mwanangu, soma salamu za wote halafu usijisumbue na maneno mengi. Nafahamu kazi ni nyingi. Usinieleze chakula, usinieleze homa kama ipo, usiogope kuhusu koti. Chukua kipande chochote cha karatasi, uandike upande gani, kulia au kushoto, neno moja tu, umpe mtu wa kwanza anayerudi huku na gari la moshi. Fanya upesi. Mwajuma na mimi hatusemezani mpaka tujue.